Nilivyopandisha Bei ya Mgongo Wangu

Ningependa kusema kuna mtu aliyenitia aibu hii, lakini hapana, niliinunua mwenyewe, tena kwa bei niliyoitaja mimi. Ilikuwa miaka ya themanini, niko na miaka ishirini na minne, nauza viazi sokoni Nyeri, magunia napakua mwenyewe, nayahesabu, halafu nayahesabu tena (viazi havina miguu, lakini watu wanayo). Mgongo ukaanza kuuma hapa chini kwenye mshipi, nikavumilia wiki tatu, na kilichonipeleka hospitali hatimaye ni kidole gumba cha mguu wa kushoto, kilichoanza kufa ganzi. Hicho sikumwambia mtu. Nilimjua jamaa aliyepasuliwa mgongo na hakubeba tena hata ndoo, na mimi bila mgongo ni nani?

Chumbani nikakuta kitanda chembamba na wanafunzi sita wa udaktari (nilihesabu mara mbili, sita) wameshika madaftari. Mwalimu wao, mama mrefu mwenye mikono ya kukamua ng'ombe, akaniuliza, "Kijana, kutoka sufuri mpaka kumi, maumivu yako ni ngapi?"

Sasa mimi nikiulizwa namba natafuta nafasi ya kushuka. Ukweli ulikuwa tano. Nikasema, "Kumi," nikangoja aseme tatu tusikizane katikati. Hakupunguza hata moja. Akaandika kumi.

Basi, ukishataja kumi lazima uilinde. Nikalazwa chali, mwanafunzi mmoja akanyoosha mkono ainue mguu wangu, nikapiga yowe.

"Madam, hata sijamguza!"

Nikasimamishwa. Mama akaniwekea viganja juu ya kichwa, akakandamiza kidogo tu, kama mtu anayejaribu parachichi, nami nikalia, "Uuui, mgongo!"

Msichana mmoja akauliza kwa upole, "Ati mgongo? Lakini hapo ni kichwa." Wote sita wakacheka, mmoja mpaka akaegemea ukuta, na mama hakuwakataza.

Cha ajabu, hamu ya kujua ikaishinda aibu. "Daktari, umenigunduaje?"

"Uzito ule haufiki kiunoni," akasema, akafunga daftari. "Sasa shida ni yako. Kama kuna mahali panauma kweli, nitapajuaje? Nikuandikie tembe uende nyumbani?"

Ningechukua tembe niondoke. Lakini kidole kilikuwa mle ndani ya kiatu, sikisikii. Nikasema polepole, mbele ya wale sita: "Tano. Nikiamka, sita. Na kidole gumba cha kushoto kina ganzi tangu Jumatatu."

Hakuna aliyecheka. Akaanza upya: akanivua kiatu, akakigusa kidole kwa pamba nimefumba macho, akaniambia nikiinue huku anakikandamiza, nitembee kwa visigino, kisha akanilaza tena, akauinua mguu wangu yeye mwenyewe, na moto ukashuka kutoka kiunoni mpaka unyayoni. Nilistaajabu: mguu ndio unaolia, na ugonjwa uko mgongoni!

"Mshipa wa fahamu umebanwa," akasema, "lakini nguvu bado iko. Kisu hakihitajiki. Ila ungeendelea kubeba peke yako na tembe mfukoni, sijui. Utalala kifudifudi, ujiinue kwa mikono, mara kumi, asubuhi, mchana na jioni."

Mara kumi. Nikafungua mdomo niseme sita. Nikaufunga.

Sokoni bado napandisha, sitawadanganya. Lakini mtu akiwa ameushika mguu wangu mkononi, namtajia bei ya mwisho kwanza.