Salamu za Dirishani

Wewe unayesoma hapa, nna ugomvi na wewe. Siku waliposema korona imekwisha ulifuta kila kitu, kizuri na kibaya, kama mtu aliyeota ndoto mbaya akaona haya kuisimulia. Ile ndoo yenye bomba uliyoiweka mlangoni iko wapi? Usinijibu, najua. Bomba limevunjika, ndoo unatilia pumba za kuku. Kunawa unanawa ukiona sinia la wali tu. Chafya unampigia mtu usoni, halafu unamngoja yeye ndiye akuombee rehema. Na ukiambiwa kuna mzazi mtaa wa pili, kajifungua juzi tu, unaingia mpaka kitandani na mafua yako, unabeba mtoto wa watu.

Mie nna rafiki huku Pemba, Mgogoni, anaitwa Nahla. Umri wake ishirini na tisa, mshonaji wa nguo za skuli, mcheshi mpaka basi. Kwa sasa yumo ndani ya chumba chenye kitanda, cherehani na dirisha moja la nondo, na komeo kalitia mwenyewe kwa ndani. Leo siku ya kumi na moja.

Nahla anakaa nyumba moja na mkwewe, Bi Time. Mume wa Nahla, Ridha, ni fundi wa mafriji, yuko Unguja, anakuja anaporuhusiwa na kazi. Maisha ya kawaida. Na mila yetu unaijua: mwanamke akizaa anakaa ndani siku arubaini. Anakandwa kwa maji ya moto, anapewa uji wa pilipili manga, na watu wanakuja kumtazama. Wanakuja hasa. Wanakaa kitandani pake, wanaulizana nani kamfanana nani, mtoto anazunguka mkono kwa mkono kama kanga dukani, na mzazi hapati hata nafasi ya kufumba jicho.

Mtoto wake wa kwanza, Asya, alizaliwa Mei 2020. Sheha, mkuu wa serikali hapa mtaani, alikuwa kapita nyumba kwa nyumba: hakuna mkusanyiko, hakuna kupeana mikono. Basi Bi Time akatia ndoo ya maji na sabuni ukingoni mwa baraza, akaweka na bao la kukalia chini ya dirisha la Nahla. Mgeni anakuja, ananawa, anaweka bakuli lake juu ya bao, anasimama hapo hapo nje.

"Mzazi, hongera!"

"Ahsante, bibi. Hebu mtazame huyu." Nahla anamnyanyua mtoto nyuma ya nondo.

"Mashaallah. Pua ya babu yake hiyo. Haya, lala mwanangu, mie nakwenda zangu."

Dakika tano, kwisha. Na anayejifanya hajasikia, Bi Time yuko kizingitini na ufagio. "Simama hapo hapo! Hata ukiwa umetoka Makka!" Watu walicheka. Hakuna aliyenuna, kwa sababu hakuna aliyebaguliwa. Nahla anasema zile ndizo siku arubaini pekee katika maisha yake alizolala mchana. Asya alinenepa akawa kama boga.

Mtoto wa pili, Hafidh, kazaliwa 2022. Korona watu washaisahau. Ijumaa ya kwanza tu, Nahla alihesabu wageni thelathini na saba chumbani, akaacha kuhesabu. Wiki ya tatu mtoto akaanza kukohoa. Kilikuwa kikohozi kidogo, kama paka. Siku ya ishirini na sita wakamzika.

Watu walisema Mungu kachukua amana yake. Nahla habishani na hilo, na mie sibishani. Lakini aliniambia kitu kimoja: "Katika wale waliombeba, mmoja alikuwa na kifua. Simjui nani. Nikikutana na mtu yeyote njiani, namtazama mdomo."

Sasa mwaka huu. Mtoto wa tatu, Mmanga, kazaliwa kabla ya wakati wake, kilo moja na nusu. Walikaa hospitali siku kumi na mbili, mtoto kafungwa kifuani kwa mamake, ngozi kwa ngozi. Siku ya kutoka, muuguzi aliwakalisha wote wawili, Nahla na Ridha, akawaambia: "Kifua cha huyu bado. Mtu mwenye mafua asimpumulie. Abebwe na mama yake, basi. Mpaka afike kilo mbili na nusu."

Ridha aliitikia kwa kichwa. "Nimefahamu, muuguzi. Mama n'tasema naye mie."

Wakafika nyumbani alasiri. Ridha akala, akaswali, akamsifu mamake kwa samaki wa nazi. Asubuhi yake akapanda boti kurudi kazini. Kusema hakusema.

Nahla akabaki na maneno ya muuguzi mdomoni, na mdomo wenyewe ni wa mkaza mwana: akimtaja muuguzi yeye, wataona kajitungia. Alijitahidi. Alimwambia mkwewe polepole, wakati anakandwa:

"Mama, nilikuwa nasema turudishe ile ya dirishani. Kama ya Asya."

"Ile ya korona?"

"Ile ile."

Bi Time akaloweka kitambaa, akakikamua. "Ile ilikuwa amri ya serikali, mwanangu. Leo nani kaamrisha? Weye?"

Hapo ndipo penye jambo lenyewe, na wengi hamlioni. Mnadhani kilichotusaidia ni ndoo na sabuni. Kilichotusaidia ni kwamba lawama ilikuwa na mwenyewe. Mtu akizuiwa mlangoni alimlaumu sheha, alimlaumu maradhi, akaenda zake na heshima yake. Leo ukimzuia mtu mmoja asimuone mtoto, kwetu Pemba maana yake ni moja tu: unasema ana jicho. Unamwambia kwa adabu kwamba akimtazama mtoto, mtoto atakufa. Hakuna tusi kubwa kuliko hilo.

Nahla hakulifikiria hilo. Alipokuja jirani wa kwanza, alimwambia kwa ulaini wote, "Jirani, niwie radhi, huyu habebwi na mtu." Hakusema muuguzi. Hakusema kilo moja na nusu, maana aliona haya mtoto wake kuitwa njiti kijiji kizima. Jirani akasema "Inshaallah" na akaondoka. Mpaka inaadhiniwa Alasiri habari ishafika kisimani: Nahla anawaona watu wana jicho.

Akampigia mumewe. "Ridha, sema na mama. Ulisema utasema naye."

"N'tasema. Lakini na weye vumilia. Arubaini si nyingi."

"Hafidh hakuzifika."

Ridha akasema kuna mteja kaja.

Siku ya kumi na sita tangu kuzaa akafika Bi Kazija. Huyu ni shangazi yake Ridha, wa Kengeja, huko kusini kabisa. Kabadilisha gari mbili, kaja na mkungu wa ndizi, jogoo, na unga wa muhogo kafunga kwenye kanga mpya. Ndiye aliyemlea Ridha miaka minne, Bi Time alipokuwa mgonjwa. Sasa mtu kama huyo unamwambia nini?

Nahla alimsikia tangu ukumbini. Alisikia kikohozi kabla hajasikia salamu.

"Hodi! Yuko wapi mjukuu wangu? Kho, kho... aa, vumbi hilo, gari ile haina vioo. Bi Time, nipishe nimbebe mwanangu kwanza, hayo maji n'takunywa baadaye."

Na Bi Time akampisha. Sitaki umchukie Bi Time. Alikuwa kasimama kati ya mjukuu na wifi yake, na wifi ndiye aliyemlelea mwanawe. Alifungua pazia akasema, "Ingia, wifi."

Nahla aliruka kitandani, mshono bado mbichi, akausukuma mlango akatia komeo.

Bi Kazija akausukuma mlango kwa kiganja.

"Mlango umejifunga?" akauliza Bi Kazija.

"Shikamoo, shangazi," Nahla akasema kwa ndani. "Nisamehe. Pita dirishani, n'takuonesha mtoto. Nakuomba."

"Dirishani?"

"Ndiyo, shangazi. Kifua chake bado kidogo."

"Dirishani husimama muuza samaki! Mie nimemfunga winda baba wa mtoto huyo! Nimemlamba kamasi kwa ulimi wangu alipozibwa pua, leo mtoto wake naoneshwa kama dagaa kwenye chano?" Akakohoa tena, kikohozi kirefu, akaegemea mlango. Nahla aliuona mlango ukitikisika.

"Shangazi, unakohoa."

"Nna miaka sabini na moja, nisikohoe? Sema ulichokusudia, mwanamke. Sema nna jicho, tusikie sote."

"Sikusudii hivyo, wallahi."

"Basi fungua."

Hakufungua. Bi Time akachukua simu, akampigia Ridha, akaweka sauti kubwa na kuishika mbele ya mlango ili mlango nao usikie.

"Ridha, mkeo kamfungia shangazi yako nje. Sema naye."

"Nahla," sauti ya Ridha ikatoka, "fungua mlango. Usituaibishe."

Nahla aliweka mdomo kwenye ufa. Mmanga alikuwa kifuani, kafungwa na kanga, analala. "Ridha, n'tafungua. Lakini kwanza mwambie mama na shangazi alichokwambia muuguzi. Wewe ulikuwepo. Ukishasema tu, nafungua."

Ilikuwa nafasi nzuri kuliko zote. Wote wanasikiliza, na anayesema ni mtoto wa kiume wa nyumba. Sentensi moja ingetosha: kaambiwa asibebwe. Bi Kazija angempigia kelele Ridha, angenuna kidogo, angekwenda dirishani, angelia kwa kumuona mtoto mdogo kiasi kile.

"Halo?" Ridha akasema. "Halo? Mtandao... siwasikii vizuri. Halo?"

Simu ikakatika. Mtandao wa Mgogoni siku ile ulikuwa safi. Nahla aliweza kusikia mpaka mtu wa redio akisoma habari kwenye karakana ya Ridha.

Bi Kazija aliondoka na gari ya saa tisa. Jogoo kamuacha amefungwa mguu kwenye nguzo ya baraza, maana zawadi hairudi Kengeja.

Tangu siku ile komeo halijatoka ila kwa kwenda chooni. Nahla hamwamini mtu tena. Anangoja Bi Time atoke kwenda kondeni, ndipo anafungua, anatoka na mtoto kifuani, anarudi mbio, anakomea. Bi Time hasemi naye. Uji anapika kila siku, nisiongope, na pilipili manga kamili. Anauweka kizingitini, anagonga kwa upawa mara mbili, anaondoka. Kukandwa hakuna. Wageni hakuna, hata wa dirishani, ila mie. Kile alichokiomba Nahla kakipata chote na kuzidi: hakuna anayekohoa karibu yake, na hapo kwao hakuna anayemwambia hujambo.

Asya sasa ana miaka mitano na yuko skuli ya maandalizi, kwa hiyo ana kamasi masika na kiangazi. Naye haingii. Analala na bibi yake. Jioni anakuja dirishani, anatia vidole baina ya nondo, na mamake anamwambia, "Usiguse, mwanangu, usiguse." Mie nilikuwepo nikaliona hilo. Nilishatazama mambo mengi mabaya, lakini lile nilitazama pembeni.

Nilimuuliza Nahla pale dirishani kama anajuta.

"Mtoto jana kwa mkono wangu nimemuona mzito," akasema. "Kilo mbili naona zishapita." Kisha akasema, "Usiku nikisikia upepo kwenye mlango nadhani ni shangazi anausukuma. Siku ya arubaini ikifika n'takwenda Kengeja kwa magoti, n'tambusu miguu. Lakini nasubiri kwanza. Wewe unakohoa?"

"Sikohoi."

"Sogea nyuma kidogo, lakini."

Nikasogea.

Bi Time nilimkuta nyuma ya nyumba anamenya muhogo. Nilimwambia alichosema muuguzi, neno kwa neno. Alishika kisu akakisahau mkononi.

"Ridha alikuwepo kweli?" akauliza.

"Alikuwepo."

"Na alinyamaza." Akarudi kumenya. "Weye si mwanangu. Maneno yako nikiyapeleka Kengeja, wifi yangu ataniuliza nani kasema. N'tamwambia nini, rafiki yake Nahla kasema? Mwenyewe aseme. Akisema mwenyewe, leo hii natia ndoo barazani."

Basi hapo ndipo tulipo. Zimebaki siku kumi na tatu. Mwanamke kakomea mlango, mwanamke wa pili kajenga ukuta wa ukimya kwa nje, wa tatu yuko Kengeja anakohoa na moyo umemvunjika. Wote watatu wanangoja sauti ya mwanaume mmoja aliyeona haya kumwambia mama yake neno moja.

Sasa nakugeukia wewe mwanaume unayesoma hapa huku umeegemea. Mkeo ana mimba? Dada yako? Usiningojee mie niandike, usimngojee sheha aamrishwe. Chukua simu sasa hivi, mpigie mama yako, kabla mtoto hajazaliwa. Mwambie: "Mama, mtoto akija watu watamuona dirishani, wote, na shangazi pia. Atakayenuna, mpe namba yangu. Mie ndiye nimekataa."

Na wewe Ridha, najua unanisoma. Mtandao leo ni mzuri. Piga.