Vitenzi Vizuri vya Mwalimu Elkana

Wapo watu wanaonitia kichefuchefu kwa sababu ni wabaya. Mwalimu Elkana Ouko alinitia kichefuchefu ilhali ni mtu mwema, na hilo ndilo lililonishinda kumeza.

Alikuja kijijini kwetu Robanda kufundisha Kiingereza akiwa kijana kutoka upande wa Sirari, akaoa hapa, akastaafu hapa. Mimi nilipita mikononi mwake kuanzia kidato cha kwanza. Kulikuwa na somo moja alilolipenda kama mtu anavyopenda ng'ombe wake: vitenzi vya kupungua. "Subside" ni maji ya mto Grumeti mvua ikishakatika. "Abate" ni upepo unaochoka. "Wane" ni mwezi. "Dwindle" ni zizi linaloisha mbuzi mmoja mmoja mpaka unabaki na kamba mkononi. Alitamka kila kimoja polepole, macho kayafumba, kisha anatusuta: "Nyinyi mnajua kupungua tu. Kupungua, kupungua!" Kana kwamba kufifia, kunywea na kudidimia ni maneno ya kuchungia mbuzi. Hata hivyo tulimpenda. Kama leo na mimi ninashika chaki shule ya msingi, ni kwa sababu yake.

Sasa, sisi tunalima ukingoni mwa hifadhi, na tembo hajui mpaka. Mradi mmoja wa wageni ulikuwa umetupatia gari la doria na vijana wanne wa kufukuza tembo kwa honi na tochi kali. Halikutosha, lakini bila gari hilo tungekula majani. Mwaka huu wageni walitaka kujua kama uharibifu bado ni mkubwa, ndipo waamue gari libaki au liondoke. Kazi ya kuuliza wakampa mwalimu: kaya mia moja na ishirini, kila kaya sentensi moja ya Kiingereza.

Alizimaliza kwa siku nne. Mtu mwenye akili angejiuliza alizimalizaje.

Alizimaliza kwa kusimama. Alifika kwa mama yangu, Mokami, asubuhi, akamkuta na jembe. Mama akamwambia karibu ukae. "Asante mama, nina haraka kidogo. Tembo vipi mwaka huu?" Mama akajibu, "Ah, tunashukuru Mungu, wamepungua kidogo." Mwalimu akaandika, akaaga.

Kwetu mgeni aliyesimama mlangoni hapokelewi na balaa. Anaambiwa nzuri, tunashukuru. Akishakaa, akashika kikombe cha uji, hapo ndipo anapoambiwa kwamba mahindi yameliwa na baba hajapata usingizi wiki nzima. Mwalimu aliyajua hayo kwa zaidi ya miaka thelathini. Lakini kukaa kaya mia moja na ishirini ni vikombe mia moja na ishirini vya uji, na yeye vitenzi vilikuwa vinamwasha. Fomu zile nilikuja kuziona. Kaya hii "abated", kaya ile "subsided", hakurudia neno mara mbili katika ukurasa mmoja. Mama aliandikiwa "dwindled". Mama, ambaye nusu ya shamba lake ilikuwa imelazwa chini wiki ileile! Nilisoma nikataka kutema mate juu ya karatasi.

Barua ya wageni ilisomwa kwenye mkutano wa kijiji, na aliyepewa kuitafsiri ni yeye mwenyewe. Wamefurahi sana kusikia tembo wamepungua, akasoma. Gari litaondoka Jumatatu, likasaidie kijiji chenye shida zaidi.

Watu waliguna. Mama akasimama.

"Mwalimu, nilikukaribisha kiti. Ungekaa, ningekwambia."

"Mama Robi, mimi niliandika ulichosema."

"Uliandika salamu," mama akasema, akakaa.

Kesho yake mwalimu alinijia nyumbani na barua ya masahihisho. Alitaka niipige picha niwatumie wageni kwa simu yangu. Safari hii alikaa, tena bila kuambiwa. Nilisoma. Ilisema, kwa Kiingereza cha hariri, kwamba katika siku zile za kuuliza huenda bidii yake ilikuwa imefifia kiasi, na kitenzi chenyewe kilikuwa "wane". Mwezi! Mtu amewanyang'anya watu gari, anajifananisha na mwezi.

"Mwalimu," nikasema, "andika kwamba hukuuliza. Andika tembo wanatumaliza."

"Robi mwanangu, hiyo ni lugha kali mno. Wataniona mimi ni mtu wa namna gani?"

"Watakuona ulivyo."

Akanitazama kama mtoto aliyechapwa, mzee wa watu. Nilijua kabisa la kufanya: kuchana karatasi ile na kumpa kalamu. Lakini huyu ndiye aliyenifundisha kusoma barua. Nikaipiga picha, nikaituma vilevile ilivyokuwa. Wageni walijibu kwa maneno mawili ya shukrani, na Jumatatu gari likaondoka.

Alhamisi asubuhi mama aliniita shambani. Nusu iliyokuwa imebaki ilikuwa matope, mabua na kinyesi cha tembo. Mama alikuwa ameinama anaokota vigunzi vilivyobaki na punje, anavitia kwenye ndoo.

"Ile barua ya mwalimu uliyoituma," akauliza bila kuinuka, "alikiri kwamba hakutuuliza?"

"Kidogo, mama," nikasema.

Mama akanyanyuka taratibu, akanitazama kuanzia viatu hadi usoni, kama mtu anayetazama kitu alichokikanyaga.

"Alikufundisha vizuri," akasema.