Vidole vya Dada

Nilikuwa studio ya picha pale Nkubu, nikingoja picha zangu za pasipoti, alipoingia bibi mmoja mwenye kitambaa cheupe kichwani. Alifungua Biblia yake ya Kimeru, akatoa picha ndogo ya rangi nyeusi na nyeupe iliyochakaa. Alitaka isafishwe na ikuzwe.

Pichani alikuwa yeye mwenyewe, msichana aliyesimama wima ndani ya gauni zuri. Mwenye studio aliiingiza kwenye kompyuta, akafuta mikwaruzo, akatabasamu.

"Shosho, ulikuwa mrembo kweli! Kulikuwa na vidole vya mtu hapa kiunoni, nimekutolea."

"Umetoa nini?" Bibi aliinuka, akapiga meza kwa kiganja. "Rudisha saa hii! Huyo ni dada yangu!"

Akatueleza kwamba gauni lilikuwa la dada yake mkubwa, nalo lilimpwaya. Kwa hivyo dada alichuchumaa nyuma yake, akalivuta likakaza, hadi picha ikapigwa. Dada alifariki kabla hajapigwa yake.

"Hana picha nyingine popote," alisema. "Ni hivyo vidole tu."

Mwenye studio alibonyeza mara moja. Vidole vikarudi, vinne, vimekamata kitambaa. Bibi alivigusa kwenye kioo cha kompyuta, akacheka. "Alikuwa ananifinya, ati nisicheke."

Ukutani kwangu kuna picha nyingi za watu waliosimama vizuri. Tangu siku hiyo nazitazama pembeni, nikitafuta aliyechuchumaa nyuma.