Shilingi Kumi Niliyoapia Kanisani

Wewe nitakwambia yote, kwa sababu najua hata ukicheka, utacheka na mimi. Siku moja nilisimama kanisani Kitale nikadanganya watu wa Mungu juu ya shilingi kumi.

Ilikuwa miaka ya elfu mbili na kidogo, simu za mkono ndiyo zilikuwa zinaanza kufika mashambani. Nilikuwa nimemaliza gumbaru ya jioni, yale masomo ya watu wazima, nikapenda kusoma kila kitu, hata maandishi ya shilingi. Zile za ajabu niliweka kwa mkebe wa majani ya chai. Aliyenifundisha ni mzee mmoja Mwislamu, fundi wa saa pale Bungoma karibu na msikiti, ambaye alikuwa na zake kabati nzima. Aliniambia kuna shilingi ambayo mashine imeikosea mara moja tu, na hiyo haina mwenzake.

Basi nikapata shilingi kumi iko na mstari mwembamba umeinuka, kutoka kwa namba mpaka ukingoni. Sikumpelekea mzee. Niliona nimeshajua.

Mavuno ikafika. Kwetu watu huleta kanisani kuku, ndizi, malenge, na baada ya ibada vinapigwa mnada. Mimi nikapeleka shilingi yangu. "Naapa," nikasema mbele ya wote, "hii iko peke yake dunia nzima."

"Ati unauza kumi?" mzee wa kanisa akauliza. "Na chenji utaturudishia?"

Wakacheka. Lakini shemeji yangu, ndugu ya mume wangu, mkulima wa Kachibora asiyependa kupitwa, akainua mkono. "Gunia mbili za mahindi!" Akaifunga kwa leso, na kila aliyekutana naye kwa mashine ya kusaga unga huko kwao alionyeshwa.

Wiki tatu baadaye nikanunua omena, wale dagaa wa ziwa, sokoni Kitale. Kwa chenji kulikuwa na shilingi kumi. Mstari ule ule, mahali pale pale. Nilirudi nyumbani bila omena.

Kesho yake nikaenda Bungoma. Fundi akaweka kioo chake jichoni, akaguna.

"Mama, si mnachoma matofali kwenu?"

"Tunachoma."

"Kibao cha kufyatulia kikipasuka, tofali ngapi zinatoka na alama?"

"Zote, mpaka tubadilishe kibao."

"Na mbwa akikanyaga tofali bichi?"

"Hiyo moja tu."

"Basi wewe ulipata ya kibao, ukaapia ya mbwa."

Chuma kinachogonga shilingi ndicho kilikuwa na ufa, akanieleza, na kila shilingi kiliyogonga baada ya hapo iko na huo mstari. "Ukiona alama," akasema, "jiulize kama inaweza kujirudia. Halafu ndiyo useme."

Mimi nilikuwa nimeshasema! Na ni mimi nilikuwa nafundisha akina mama kila Jumatano tusiape ovyo.

"Si unyamaze tu," mume wangu akanishauri. "Nani atachunguza chenji ya omena?"

"Mungu," nikamwambia.

Jumapili nikasimama kanisani, nikaeleza yote. Shemeji akainuka polepole na leso yake.

"Yaani nimeringia Kachibora nzima shilingi iko na ndugu?"

"Ndiyo, shemeji. Nimekosa. Gunia zako nitalipa kutoka kwa shamba letu."

"Mahindi ni ya Mungu, wacha ikae. Lakini hiyo ya omena lete hapa. Harufu nitavumilia."

Hata pasta alishika mbavu. Siku hizi shemeji anatangaza ati yuko na mapacha, na wageni wakipewa chai lazima wawasalimie kwanza.

Mimi sijaapa tena. Kama uko na mtu anaweka shilingi kwa mkebe, tafadhali mwambie habari ya kibao na ya mbwa, na yeye amwambie mwingine. Lakini ukisimulia, ile aibu yangu pia usiipunguze.