Fundi Aliyempakia Abiria wa Chuma Kwenye Kigari cha Mtoto

Saa tatu asubuhi, uwanja wa chini ya mnara wa saa umejaa wageni wanaotazama juu. Mwanamke mmoja tu anatazama chini. Amepiga magoti mbele ya benchi la mawe, mkono wa kulia unazungusha cherehani, wa kushoto unasukuma pindo la gauni la bintiye. Gauni lenyewe bintiye bado amelivaa.

"Tulia, au nitakushona na benchi," anamwambia.

Ndege ya alfajiri imewashusha hapa: fundi, mumewe dereva wa malori, binti wa miaka sita anayeitwa Maswali, na kitinda mimba aliyelala mgongoni kwa mama. Ya jioni itawapeleka ughaibuni, ambako mume amepata kazi. Katikati wana mchana wa kutembea mji usio wa watokako wala waendako.

Pindo likiisha, cherehani inarudi kwenye kigari cha mtoto, inafunikwa shali na kuvikwa kofia ya sufu. Langoni mwa mnara, askari anainama kumchekea mtoto, anapapasa.

"Mbona pua ngumu hivi?"

"Kamfuata babaye," anajibu fundi.

Askari anacheka mpaka anashika ukuta. Mume hacheki.

Ana lake moyoni. Kwa miaka kumi na miwili mkewe ameshona kwenye baraza ya duka, sare za shule na suruali za watu walionenepa bila kutoa taarifa. Mwaka ule dereva alipokosa gari la kuendesha, cherehani hiyo ndiyo iliyolipa kodi ya chumba.

"Yeye alilala na mawazo yake," anasema fundi, akimtupia mumewe jicho. "Mwenzangu huyu wa chuma akaamka na mimi."

Mdogo wa mume anaishi mji huu. Amekuja na gari, masanduku yamo nyuma, na leo ni mkarimu kupita kawaida. Anawaonyesha chemchemi, anawaonyesha daraja la zamani. Ajabu ni kwamba kila kituo kinawasogeza karibu na nyumba yake.

Darajani, Maswali anauliza: "Baba mdogo, cherehani italala chumba gani kwenu?"

Mama anamgeukia binti.

"Nani kakwambia?" anauliza mama.

"Baba alikuwa anaongea kwenye simu."

Mume anakohoa. "Mama watoto, ndege ya jioni wanapima kila kitu, hata mkoba. Tuiache kwa ndugu yangu, tutaifuata."

"Lini? Ikishaota mvi?"

"Shemeji, huko nguo zinauzwa tayari," anadakia mwenye gari. "Pumzika sasa, ule cha mume."

"Cha mume nilishakula, shemeji, mwaka ule hana kazi. Kilikuwa kitamu mno. Nilikinunua mwenyewe na nikakipika mwenyewe."

Anamkabidhi mumewe mtoto, anafungua sanduku lake pale pale, nyuma ya gari, wapita njia wakitazama. Linatoka gauni la harusi, vinatoka viatu vya kisigino, yanatoka magauni na blauzi alizojishonea kwa ajili ya safari. Magauni mawili anayavaa juu ya lile alilovaa. Vilivyobaki anamrundikia shemeji mikononi mpaka kidevu.

"Hawa ndio wageni wako, walaze vizuri. Nguo naweza kushona. Cherehani siwezi kushona."

Chuma kinaingia sandukuni, kikizungushiwa nepi. Mume anatazama. Kisha anavua koti lake zito na kulitupa juu ya rundo, usoni kwa nduguye.

"Na hili," anasema.

Jioni, mizani ya uwanja wa ndege inayumba, inatulia. Sanduku linapita. Fundi naye anapita, amefura magauni matatu kama kabeji, anasukuma kigari ambacho leo, kwa mara ya kwanza, kimepakia mtoto.

Huko aendako anataka meza iliyo karibu na dirisha na kibao mlangoni. Lugha ya huko haijui, na wapo waliomwambia hatapata mteja hata mmoja.

"Wana suruali?" anauliza. "Basi. Suruali haichagui nchi ya kupasukia."