Kiwiko Ukutani

Ukutani kwa wakwe zake, juu ya kabati la vyombo, kulikuwa na picha kubwa ya familia yenye watu kumi na saba na kiwiko kimoja. Kiwiko kilikuwa chake. Alikuwa fundi cherehani, mke wa kitinda mimba wa nyumba ile, na siku picha ilipopigwa, wifi yake mkubwa alimgeukia dakika ya mwisho akamrundikia mikoba minne. "Wifi, hebu tushikie hii, usogee kidogo." Akasogea. Picha ikapigwa. Hata paka wa jirani alitokea mzima, mkia na masharubu.

Tangu hapo ilipita miaka tisa. Mwingine angesahau, lakini huyu ni mwanamke aliyekataa kumshonea mteja mmoja miaka sita kwa sababu alimwita "wewe wa cherehani," na alipokubali hatimaye, alimbana kiuno makusudi. Na wifi naye hakumpa nafasi ya kusahau. Kila Jumapili, mgeni akiuliza kile kiwiko cha nani, wifi alidakia, "Aa, huyo ni mwenye mikoba," na sebule nzima ikacheka. Mume wake naye aliwahi kucheka, mara moja tu. Alikula chakula kisicho na chumvi wiki nzima.

Baba mkwe alipokaribia kutimiza miaka themanini, ikasemwa picha ya zamani imefifia, ipigwe nyingine. Fundi akawahi kabla mtu hajafungua mdomo.

"Nitaipiga mimi."

Wifi alicheka mpaka akashika meza. "Utaipigia nini wifi, cherehani?"

Basi akaenda kutafuta kamera. Pesa yake ilikuwa ya mipindo ya suruali na zipu zilizokufa, ya miezi kumi na moja, imefungwa kwenye kipande cha bitana. Mwenye duka la kamera zilizotumika alikuwa na miwani mbili, moja machoni na nyingine kipajini, na maisha yake yote alikuwa amepiga picha za vitambulisho. Akampangia mezani DSLR tatu, kamera zile zinazobadilishwa lenzi.

Ya kwanza ilikuwa inang'aa. Fundi aliuliza bei, akairudisha kwa kidole kimoja. Ya pili aliinua lenzi yake kwenye mwanga, kama anavyokagua kitambaa asiuziwe chenye matundu, akaona nyuzi nyeupe za ukungu zimetambaa ndani ya kioo.

"Hii imeota," akasema.

"Macho unayo, mama," mwenye duka akakiri, akaificha chini ya meza.

Ya tatu ilikuwa nzito, mpira wake umelika pale mkono unaposhika. Fundi aliitega sikioni akabonyeza, akasikiliza kama anavyosikiliza cherehani kuukuu kabla ya kuinunua. Mlio ulikuwa mkavu, hauna kigugumizi.

"Imeshapiga picha elfu sitini," mwenye duka akatahadharisha. "Na kioo cha nyuma kimekufa, ndiyo maana bei iko chini. Utachungulia kwenye kitobo hiki tu. Picha huioni mpaka uitie kwenye kompyuta."

"Na wanaopigwa, hawawezi kuona?"

"Hakuna atakayeona kitu."

Hapo fundi alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu aingie. Zikabaki lenzi mbili, na pesa ya lenzi moja.

"Hii inavuta na kusukuma. Inabeba ukoo mzima," mwenye duka akaeleza. "Hii nyingine ni ya milimita hamsini. Haivuti wala haisukumi. Kwa uso wa mtu mmoja haina mpinzani, lakini penye watu wengi itakukatia wa pembeni."

"Itanikatia wa pembeni," fundi akarudia polepole.

"Ndiyo. Kwa hiyo chukua hii ya ukoo."

"Nipe inayokata."

Mwenye duka alishusha ile miwani ya kipajini ili amwone vizuri. "Haya. Ila ujue, hicho kitobo hakionyeshi yote. Picha hutoka na ziada kidogo pembeni." Fundi alikuwa ameinamia fundo la bitana. Alisema "sawa, sawa" kama mtu anavyomjibu mtoto.

Wiki tatu alijifunza kwa kupiga vifungo, kamba ya nguo na wanawe. Jumapili moja akajitia anadondosha futi yake uani kwa wakwe, akapima. Mpigaji akisimama getini, nyuma hakuna pa kurudi, na upande wa kulia picha ingeishia sawasawa kwenye bomba la maji ya mvua. Ng'ambo ya bomba kulikuwa na nafasi ya mtu mmoja.

Siku ikafika. Wifi alitua na gauni la rangi ya machungwa, marinda juu ya marinda, akaenda moja kwa moja kusimama nyuma ya kiti cha baba yake.

"Wifi," fundi akasema kwa sauti iliyopakwa asali, "gauni kama hilo unalifichaje nyuma ya kiti? Njoo mwisho wa mstari lionekane mpaka chini."

Wifi akajitazama, akaona ni kweli.

"Sogea. Kidogo tena. Hapo kwenye bomba. Pita bomba."

Sasa sikia jambo ambalo fundi hakulipanga. Mama mkwe, aliyeketi mbele, alinyoosha mkono nyuma. "Mwanangu, nishikie mkoba huu." Shangazi naye akapitisha wake, na wa pili yake akapitisha wake. Mikoba mitatu ikaishia kwa wa mwisho.

"Sitaonekana na mikoba?" wifi akauliza.

"Haitaonekana hata kidogo," fundi akajibu, na kwa alivyojua, hakusema uongo. Akachungulia. Wazee wamo, mume yumo, watoto wamo. Wifi hayumo hata unywele. Akabonyeza mara kumi na moja, kwa raha zake.

"Tuonyeshe basi!"

"Kioo kimekufa, wifi."

Picha iliposafishwa ndipo alipoikumbuka ile ziada. Pembeni kabisa, nje ya bomba, kilikuwa kimeingia kiwiko cha rangi ya machungwa, na chini yake mikoba mitatu inaning'inia. Fundi alikwishashika mkasi. Angekikata kwa mkato mmoja ulionyooka. Akautazama mkasi, akautazama mkono ule, akaurudisha mkasi kwenye droo. Mtenda hutendewa.

Jumapili iliyofuata picha mpya ilitundikwa kwenye msumari uleule. Wifi alijitafuta kwa kidole, mstari kwa mstari, akafika mwisho akaanza upya.

"Mimi niko wapi?"

Baba mkwe akasogea, akakodoa macho pembeni. "Hiki kiwiko cha nani?"

Miaka tisa! Fundi alivuta pumzi kwanza ili asiiharibu kauli yake.

"Aa, huyo ni mwenye mikoba, baba."

Sebule ikapasuka kwa kicheko. Mume alicheka, shangazi alijifuta machozi, mama mkwe alijiziba mdomo asifanikiwe. Wifi alivimba kama unga uliotiwa hamira. Fundi alikaa kwenye kochi, mikono mapajani, na furaha iliyompanda haikuwa na hata chembe ya huruma.

Lakini wifi hakutoka nje. Aliirudia picha, akaitazama kwa muda, na alipogeuka alikuwa anatabasamu.

"Sawa wifi. Mimi kiwiko ninacho. Chako kiko wapi?"

Fundi aliinuka kuangalia, ingawa hakuhitaji. Ile ya zamani ilikuwa imeshaegeshwa nyuma ya kabati, uso ukutani. Ndani ya nyumba nzima hakukuwa tena na picha yenye hata ukucha wake.

Jumatatu mwenye duka hajamaliza kufungua mlango, akamkuta mteja wake kizingitini na fundo la bitana mkononi.

"Imeharibika, mama?"

"Haijaharibika. Nataka kile cha miguu mitatu, cha kuwekea kamera ijipige yenyewe."

"Kirefu kiasi gani?"

"Kinachoweza kusimama mahali pangu."