Mfuta Fimbo

Mzee anayebeba mifuko ya gofu pale kiwanjani, chini ya milima ya Uluguru, hufuta kila fimbo kwa kitambaa chenye unyevu, hata ambayo haikutumika. Baada ya arobaini ya kaka yangu, Mungu amrehemu, nilimpelekea mzee huyo, aliyekuwa akimbebea mfuko, fimbo mpya za marehemu, nikamuuliza kama zilimsaidia kaka kucheza vizuri. Nilitamani aseme ndiyo. Alifuta mbili kwanza.

"Mwanangu, mpira uliingia vichakani vilevile, ila vichaka vya mbali zaidi."

Tulicheka, kisha tukachoka kucheka. Akachomoa moja ambayo mpini wake bado ulikuwa na nailoni ya dukani.

"Hii alisema ataifungua akipona."

Akaifuta juu ya nailoni, taratibu kama zile nyingine, akairudisha kwenye mfuko.